Kanga Katika Kijumba cha Magurudumu

Wenzangu walimu wa Kiswahili katika nchi jirani wanajua ya kuwa somo la methali ni jepesi kulifundisha, lakini ni gumu kulitia moyoni. Mwalimu hutaja nusu ya kwanza, mwanafunzi hukamilisha nusu ya pili, alama hutolewa, na methali hufia hapo hapo ubaoni. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi nilivyoona methali chache zikifanya kazi yake kamili mahali ambapo sikutazamia kabisa kuzikuta: ndani ya tela ndogo kuukuu ya matembezi, katika kijiji kimoja cha kaskazini ya Uingereza. Ilikuwa mwaka 2018, nami nilikuwa huko kwa miezi mitano ya masomo.

Yafaa kwanza msomaji akifahamu chombo chenyewe. Waingereza hukiita kwa neno lililotoka katika Kiajemi, karwani, ambalo maana yake ilikuwa msafara wa wafanyabiashara na wanyama wao jangwani. Neno hilo lilipita katika lugha za Ulaya, likageuka maana njiani, hata likawa jina la gari lililofunikwa, na mwisho likawa jina la nyumba ndogo iliyokaa juu ya magurudumu. Sisi watu wenye msafara wala asafiri njiani chombo hicho twaweza kukiita karavani au tela. Mimi nitakiita kijumba, kwa kuwa ndivyo kilivyo.

Kupamba vijumba vya namna hii si jambo la jana. Waroma wa Uingereza, ambao kwa miaka mingi waliishi maisha ya kuhamahama, walikuwa na magari ya farasi yaliyochongwa nakshi na kupakwa rangi nyingi, na ilikuwa desturi kwa baadhi ya jamaa zao kulichoma moto gari la marehemu pamoja na vyombo vyake. Mwaka 1885 daktari mmoja Mskoti, William Gordon Stables, aliundiwa gari la anasa mjini Bristol, akaanza kuzunguka nchi akivutwa na farasi wawili kwa ajili ya kustarehe tu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Sam Alper aliunda tela za Sprite ambazo bei yake watu wa kipato cha kawaida waliweza kuimudu. Huko Marekani naye Wally Byam alikuwa ameanza kuuza tela za alumini zenye umbo la risasi, zijulikanazo kwa jina la Airstream. Na mwaka 1959 aliongoza msafara wa tela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, wakipitia Afrika ya Mashariki na Uhabeshi. Kwa hiyo hata barabara zetu zimewahi kuviona vijumba hivi.

Siku hizi wako watu wengi, Uingereza na Marekani, ambao hutafuta tela za miaka ya 1950 na 1960, wakazitengeneza upya kwa mikono yao wenyewe. Mama mwenyeji wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mjane, umri wake umepita miaka sabini, naye alikuwa amenunua Sprite ya miaka ya 1960 iliyokuwa imesahauliwa nyuma ya ghala la mkulima. Yeye na binti yake waliifanyia kazi kila Jumamosi, nami nikawa kibarua wao.

Niliyojifunza katika kazi ile ni kwamba mapambo ndiyo ya mwisho kabisa. Kijumba cha namna hiyo ni fremu ya mbao iliyovikwa mabati membamba ya alumini kwa nje na mbao nyembamba kwa ndani. Adui yake mkubwa ni maji. Pale bati linapokutana na bati, dawa ya kuzibia hukauka na kupasuka kwa miaka, maji ya mvua hupenya kidogo kidogo, na mbao huoza gizani huku nje kukionekana kuzuri. Ilitubidi kubandua, kukata mbao zilizooza, kutia nyingine, kuziba maungio yote upya, kupiga msasa, ndipo tukapaka rangi. Tena kila kinachoongezwa kina uzito wake, na gari lenye kukokota halisamehe uzito uliowekwa mahali pasipofaa: vitu vizito hukaa chini, karibu na ekseli, wala havirundikwi nyuma kabisa, kwani tela iliyolemewa nyuma huyumba barabarani hata ikaweza kulipindua gari. Matundu ya hewa yaliyo karibu na jiko la gesi hayazibwi kwa pambo lolote, hata liwe zuri namna gani. Na pazia halikaribii moto.

Baada ya miezi miwili ya kazi hiyo tukafika kwenye mapambo. Hapo Mama akaleta sanduku.

Ndani yake mlikuwa na doti saba za kanga. Yeye na marehemu mumewe, ambaye alikuwa mwalimu wa hisabati, waliishi Mombasa katika miaka ya 1970, wakarejea kwao mwaka 1978. Kanga zile zilikaa sandukuni miaka arobaini. Sasa alitaka zikatwe ziwe mapazia na foronya, maana rangi zake, nyekundu, nyeusi na manjano, zingekichangamsha kijumba chenye mbao za rangi ya maziwa. Mkasi ulikuwa tayari mezani. Nikamwuliza kama anajua zinasema nini. Akacheka, akasema kwamba Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, bei gani na punguza kidogo. Yale maandishi siku zote aliyaona kuwa sehemu ya nakshi.

Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuelezwa kwa kirefu habari ya kanga. Vazi hili lilizaliwa pwani yetu katika karne ya 19, kutokana na leso zilizounganishwa. Likachapwa Uhindi, Uholanzi, Uingereza na Japani, na baadaye katika viwanda vyetu wenyewe, kama kile cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Lina pindo pande zote, lina mji katikati, na lina jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini. Maneno hayo hapo kale yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kirumi. Bila jina, wasema watu wa pwani, hiyo ni nguo tu.

Basi nikazitandaza moja moja kitandani, nikazisoma. Ya kwanza ilisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nikamwonyesha Mama mahali alipokuwa ametia alama ya chaki ili akate. Chaki ilipita baada ya neno njema. Pazia moja lingebaki na nyumba njema, na la pili lingeanza na si mlango, na kama upindo wa mshono ungelimeza lile neno dogo si, maneno yangesimama upande wa pili wa maana yake. Sijapata kuwaeleza wanafunzi wangu kazi ya kikanushi kwa mfano ulio wazi kuliko ule. Ya pili ilisema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Binti alipopata maana yake aliangua kicheko, akaamua papo hapo kwamba hiyo itakuwa foronya ya mgeni, na asiyejua Kiswahili alale juu yake kwa amani.

Ya tano ilikuwa nyeusi na nyekundu, haijavaliwa kamwe, doti yake haijatenganishwa. Mama akasema hiyo alipewa na jirani yake wa Mombasa siku ya kuondoka. Walikuwa wamekaa ukuta kwa ukuta miaka mitatu. Mwanawe yule jirani aliugua usiku, baba yu baharini. Mama ndiye aliyempeleka hospitali kwa gari, akakesha naye siku nne. Lakini siku ya kuagana, yule bibi alikuja mara moja tu, akamwekea nguo ile mapajani, akasema, "Haya, kwaheri," akaondoka bila hata kuketi. Mama alisononeka. Alidhani labda amemkosea, au kwamba urafiki wote ule alikuwa ameuona yeye peke yake. Kwa sababu hiyo hakuivaa nguo ile.

Jina lake lilikuwa: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Nilimfasiria taratibu, kitenzi kwa kitenzi, kama nifanyavyo darasani. Aliniomba nirudie. Kisha akauliza kwa nini hakuyasema kwa kinywa chake. Nikamjibu kwamba pwani, na hata kwetu bara, yako maneno ambayo kinywa huona haya kuyatamka mbele ya mtu anayeondoka, na ndiyo maana kuna nguo inayoyasema. Yule bibi hakuwa amekuja kukabidhi zawadi kavu. Alikuja na hotuba yake yote mkononi, akaamini kwamba imesomwa.

Binti yake hakukubali upesi. Aliuliza ikiwa si kweli kwamba watu hununua kanga kwa rangi pia. Kisha akasema kwamba hata huko pwani kanga ikichakaa hukatwa ikawa nepi, ikawa mbeleko, ikawa tambara la kufutia meza. Kwa nini basi sisi tuifanye msahafu? Hoja yake ilikuwa na nguvu, wala sikutaka kuipinga kwa ubishi. Kanga si kitu kitakatifu. Lakini mama wa pwani anayeichana kanga yake kuukuu ameshaisoma, ameshaivaa, ameshamsemesha nayo jirani au wifi; maneno yamekwisha kufika ndipo nguo ikawa tambara. Hii ya hapa haijafika. Nguo iliyokwisha kusema yaweza kukatwa, na isiyosomwa ni kama barua ambayo haijafunguliwa. Binti alinyamaza, akauondoa mkasi mezani.

Tulichokifanya baadaye kilikuwa rahisi. Tulikipima kijumba kwa kanga, badala ya kuipima kanga kwa kijumba. Upana wa kanga ni kama mita moja na nusu, na ukuta wa nyuma, juu ya viti vinavyogeuzwa kitanda usiku, uliweza kuipokea nzima bila kukatwa hata uzi. Tuliifua kwanza, kwa sababu pamba mpya hurudi, tukaitia kitambaa cheupe kwa nyuma ili jua lisiipaushe upesi, tukaifunga kwa vijiti vya mbao juu na chini isipeperuke njiani. Kwa kanga nyingine tulikata mji na pindo kwa mapazia, lakini kila jina tulilitoa zima, tukalishona kama utepe juu ya dirisha lake. Ile ya nyumba njema ilikaa juu ya mlango, upande wa ndani.

Doti, kama mjuavyo, ni nguo mbili. Kipande cha pili cha ile nyeusi na nyekundu Mama hakukubali kitumike kwa pambo lolote. Aliniuliza mtu hujibuje kanga. Nikamwambia kwamba hujibiwa kwa kanga. Alikuwa hajui kama jirani yake yu hai, wala mtaa ule kama bado una watu aliowajua. Akakikunja kile kipande, akakiweka katika droo iliyo chini ya kitanda, akasema hicho bado kina mwenyewe.

Nimerudi nyumbani Uganda nikiwa na swali ambalo nawaletea ninyi wenzangu. Kwetu kanga huitwa leesu. Imo katika kila nyumba: hubebea mtoto, hufunikia kapu la ndizi, hufungwa kiunoni shambani na msibani. Na majina yake ni ya Kiswahili. Mama wa Kiganda anayetoka nayo asubuhi mara nyingi amebeba mgongoni methali nzima asiyoweza kuisoma, sawasawa na mama yule wa Uingereza, ila yeye hana hata sanduku la kuisingizia. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 serikali iliamua kukitilia mkazo mashuleni. Lakini wako wazee ambao masikio yao bado hukisikia kama lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani. Hatutawageuza kwa tangazo la serikali. Huenda tukawageuza kwa nguo waliyokwisha kuinunua kwa fedha zao wenyewe.

Kwa hiyo tangu mwaka 2019, muhula unapoanza, huwaagiza wanafunzi wa kidato cha kwanza waandike katika daftari jina la kila leesu iliyomo nyumbani mwao, bila kuongeza wala kupunguza herufi. Darasani tunachambua ngeli, vikanushi na virejeshi vyake. Neno akufaaye peke yake latosha kipindi kizima. Kazi ya pili ndiyo kubwa zaidi: kila mmoja arudi nyumbani, amsomee mwenye nguo, amweleze maana yake kwa lugha ya mama, kisha aandike aliyojibiwa. Msichana mmoja aliandika kwamba nyanya yake alinyamaza kidogo, kisha akamtaja kwa jina mtu aliyempa ile leesu, jina ambalo nyumbani mwao halikuwa limetajwa kwa miaka.

Nawasihi walimu wenzangu wa Rwanda, Burundi na Kongo walijaribu zoezi hili. Halihitaji vitabu wala gharama. Nguo ziko, maneno yamo, na wasomaji wake wa kwanza wangali hai.