Saa Nne Asubuhi Niko Kwenye Meza ya Pool, na Sio Uhuni

Leo mastaa nawaweka pembeni, naongelea kitu kinachonihusu mwenyewe. Mwezi ujao naenda Morogoro mjini kwenye mashindano ya pool, mtu mmoja mmoja, ukifungwa unarudi kwenu. Hapa Ifakara stori imeshazagaa kitaa, ila haihusu mashindano. Watu wanaongelea saa ninazofanya mazoezi.

Iko hivi. Mimi ni bodaboda. Alfajiri nabeba watu wa sokoni na wa hospitali, jioni ndiyo pesa yenyewe. Katikati hapo, saa nne mpaka saa sita mchana, jua linawaka kinoma na abiria hamna. Na ndiyo saa ambazo meza ya kijiwe chetu pale Kibaoni iko tupu. Jioni huwezi kufanya mazoezi pale. Jioni ni mshindi abaki: unaweka sarafu yako ya 500 kwenye foleni, unasubiri watu sita, unacheza raundi moja, unatolewa, unarudi mwisho. Hapo unajifunza kuvumilia kusubiri tu.

Shida ni kwamba pool ya asubuhi ina jina baya. Mwaka 2016 hata Rais Magufuli aliwaongelea hadharani vijana wanaocheza pool saa za kazi, na tangu hapo ukionekana na fimbo mkononi kabla ya mchana, wewe ni mzururaji. Wanasahau kwamba huu mchezo ulikuwa na mashindano ya taifa. Enzi zile za Safari Pool, TBL walikuwa wanadhamini kupitia bia ya Safari, timu za mikoa zinakutana fainali. Watu walikuwa wanavaa sare kabisa.

Sasa nawaambia nafanya nini hizo saa mbili, maana wengi wanadhani napiga soga. Mwenye meza nimeelewana naye, namlipa kwa saa badala ya kwa sarafu. Mashimo tunayaziba kwa matambara ili mipira isimezwe. Zoezi la kwanza linachosha na halina raha hata kidogo: mpira mweupe peke yake, naupiga unyooke mpaka mwisho wa meza, ugonge, urudi mpaka kwenye ncha ya fimbo yangu. Ukirudi pembeni, maana yake mkono umeyumba. Naupiga mara hamsini. La pili, napiga mpira uingie na mweupe ubaki palepale. La tatu, naweka saba zangu na nyeusi, nazimaliza bila kukosa. Nikikosa naanza upya. Kila kitu naandika kwenye daftari. Wiki ya kwanza, kwenye kumaliza meza nilifanikiwa mara 2 katika 20. Wiki hii ni mara 7.

Halafu kuna sheria. Kijiweni kwetu ukiugusa mpira wako taratibu tu inatosha. Kwenye sheria za blackball haitoshi: baada ya kugusa, lazima mpira uingie shimoni au wowote ule ufike ukingoni, la sivyo ni faulo na mwenzako anapata nafasi ya ziada. Ukiingiza nyeusi kabla ya wakati wake, umeshafungwa, kwaheri. Mtu aliyezoea sheria za kijiwe anaweza kutolewa huku anabishana na refa.

Kuna jamaa mmoja hapa, jina kapuni, ndiye mfalme wa meza yetu. Anacheza kwa dau na anakula vichwa kila jioni. Aliponiona na daftari alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, pool haina darasa!" Sikubishana naye, maana ni mkali kweli. Ila meza yetu imelalia upande wa barabarani, mpira ukienda polepole unakunja kulia, na yeye mkunjo ule anaujua kama njia ya kwao. Jumapili moja tulienda naye Mang'ula, meza imenyooka, akafungwa mara tatu na dogo ambaye hata ndevu hana. Njia nzima kurudi hakuongea.

Mimi pale nikapata somo. Bonde letu la Kilombero lina unyevu, hasa masika, na kitambaa cha meza kikishika unyevu mpira unakuwa mzito. Morogoro naweza kukuta kitambaa kipya, mpira unateleza, nguvu yangu ya Ifakara ikaupitiliza. Kwa hiyo sasa kila Jumapili natafuta meza ngeni: Mang'ula, Kidatu, popote.

Bi mkubwa ndiye aliyekuwa mgumu. Jirani alimpelekea taarifa, nikaitwa. "Mwanangu, hiyo pool inakupikia wali?" Nikamuuliza, "Mama, ukipalilia mpunga mwezi wa pili, nani anakulipa siku hiyo?" Akanijibu bila kupepesa: "Mpunga nauona unaota. Hiyo mipira yako inaota wapi?" Hapo nilikosa jibu, nikamletea daftari. Akaangalia 2, akaangalia 7, akakaa kimya. Mwisho akatoa sharti: hesabu ya bosi wa pikipiki itimie, na 5,000 ya nyumbani iwe mezani kwake kabla sijashika fimbo siku hiyo. Nikakubali. Siku ambayo sijaifikisha, siendi. Wiki iliyopita nilikosa siku mbili.

Nauli na kiingilio natoa mfukoni kwangu, na nikitolewa raundi ya kwanza pesa hiyo hairudi. Najua. Najua pia nani watacheka, kuanzia mfalme wa meza yetu. Lakini bado wiki tatu, na nataka ile 7 ifike 10 kabla sijapanda basi.

Haya wadau, na kwenu je? Mtu akionekana kwenye meza saa nne asubuhi anaitwaje? Na kama umeshacheza Morogoro, niambie vitambaa vya kule vikoje. Hilo nalihitaji kweli.