Mchezo wa Kuanguka

Msomaji mpendwa, nina neno lililonikaa rohoni tangu likizo ya Aprili mwaka wa 2024, na nimeona heri nilitoe katika jarida letu kuliko kuendelea kulifuga kifuani.

Bila shaka unaikumbuka likizo hiyo. Mvua ilinyesha usiku na mchana, mafuriko yakawatoa watu majumbani mwao, na shule zilizokuwa zifunguliwe mwishoni mwa Aprili zikangoja hadi katikati ya Mei. Mimi na dada yangu tulikuwa kwa ami yetu Nakuru. Nje hakukuwa kunatokeka. Ndani kulikuwa na sisi wawili, binamu yetu, mvulana wa jirani tuliyemwita Kasuku kwa kupenda maneno, birika la chai, na kompyuta kuukuu ambayo binamu alikuwa ameinunua ajifunzie kupiga chapa.

Kompyuta hiyo ilikuwa nzito kama kobe. Mchezo mmoja tu ndio uliokubali kwenda bila kukwama. Jina lake nikilitamka utadhani nimekanyaga kaa la moto: AaaaaAAaaaAAAaaAAAAaAAAAA!!! Nilizihesabu herufi zake nikapata 25, na zote ni A. Ulitungwa na kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Dejobaan Games, katika jimbo la Massachusetts, ukatoka mwaka wa 2009, kisha toleo jingine likafuata mwaka wa 2011. Hii si mojawapo ya zile kampuni kubwa ambazo majina yao kila mtoto anayajua. Ni watu wachache waliotunga walichopenda wenyewe, na ndiyo maana mchezo wao umejaa vituko.

Kazi ya mchezaji ni moja: kuanguka. Katika michezo mingine ukianguka umeshindwa. Katika mchezo huu unajirusha mwenyewe kutoka juu, unapita katikati ya majumba yanayoelea hewani, na alama unazipata kwa kuyakaribia majumba hayo bila kugongana nayo. Ukilipita jengo karibu sana, hilo huitwa busu. Ukiteremka ubavuni mwake kwa muda, hilo ni kumbatio. Ukilivaa lenyewe, basi, kazi imekwisha. Ungali hewani unaweza kuyapulizia rangi majengo ya serikali, kuwaonyesha mashabiki kidole gumba, na kuwaonyesha wapinzani kidole kingine ambacho Mwalimu Mlezi wa Chama hataniruhusu nikieleze hapa. Mwishoni unafungua parachuti na kujaribu kutua mahali palipowekwa alama. Na malipo ya kufungulia viwanja vipya? Meno! Naam, meno ya mdomoni. Sikusema ni vituko?

Kila ndege huruka kwa bawa lake, na hapo ndipo maoni yetu yalipoachana.

Binamu aliusifu mpaka povu likamtoka. Hoja yake ilikuwa kwamba mchezo huu ni wa haki. Anayekaa mbali na hatari hapati kitu, anayeisogelea anapata, na anayezidisha anapoteza vyote. "Si hivyo ndivyo biashara ilivyo?" alituuliza, yeye ambaye hajawahi kuuza hata njugu.

Dada yangu hakushawishika. Alisema utani wake ni mwingi kupita kiasi, unacheka mara ya kwanza, mara ya tatu unachoka. "Unaanguka, halafu unaanguka tena, halafu? Sasa huu ni mchezo gani?" Lakini ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa akitushinda sote. Sisi tulikuwa tukijirusha kwa pupa, yeye alikuwa ameshika kwa moyo kila jengo liko wapi, kama anayesomea mtihani.

Kasuku yeye hakujali alama. Alichopenda ni ile rangi. Alikuwa akipulizia majengo mpaka anasahau parachuti, na kila akigonga chini anapiga kelele za jina lile la mchezo hadi mke wa ami anatoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi.

Na mimi? Mimi ndiye niliyekuwa na maoni makubwa kuliko wote. Siku moja jioni nilipata mabusu mfululizo, nikapita kati ya minara miwili iliyokaribiana kama meno, nikatua pale pale penye alama. Niliruka kitini nikapaza sauti: "Jamani, hakuna kitu kitamu duniani kama kuanguka!"

Nilipogeuka, Baba alikuwa amesimama mlangoni, koti likichuruzika maji. Barabara ilikuwa imepitika na alikuwa amekuja kutuchukua.

Msomaji mpendwa, ili unielewe lazima nirudi nyuma kidogo. Baba alikuwa fundi wa mawe. Mwaka wa 2021, katika mjengo ambao sitautaja wala mwenyewe sitamtaja, ubao wa jukwaa aliosimamia ulivunjika akaanguka kutoka urefu wa mita 6 hivi. Alilazwa hospitalini miezi miwili. Mguu wake wa kushoto haukurudi kama ulivyokuwa, na tangu siku hiyo hajarudi kwenye mjengo. Sasa anamwekea mtu duka. Nyumbani kwetu neno kuanguka halikuwa likitajwa. Mama husema "ile siku," na sote tunajua ni siku gani. Baba mwenyewe hakuwahi kutusimulia hata sentensi moja.

Basi fikiria aibu niliyoipata. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikanyoosha mkono kuizima kompyuta.

"Wacha," Baba akasema. "Hebu nione."

Akasogea, akakiinamia kioo. Akauliza, "Huyu anaruka mwenyewe ama anasukumwa?"

"Anaruka mwenyewe, Baba."

"Na analipwa?"

"Analipwa meno," Kasuku akadakia.

Baba akacheka. Si kicheko kikubwa, lakini nilikuwa sijakisikia kwa muda mrefu. Kisha akavuta kiti, akanyoosha mguu wake pole pole, akasema tumfundishe.

Alicheza mara moja tu. Alijirusha, na papo hapo akaanza kuyakwepa majumba yote, akitafuta uwazi. Hakubusu jengo hata moja. Akafungua parachuti mapema sana, akateremka taratibu, akatua. Alama alizopata zilikuwa chache kuliko za yeyote kati yetu tangu tuanze.

"Mzee, umeogopa!" Kasuku akasema. "Inafaa uyakaribie ndio upate alama."

"Nimefika chini mzima," Baba akajibu. "Hiyo kwangu ni mia kwa mia."

Tulinyamaza. Halafu, bila kuulizwa na mtu, akaanza kusema huku bado anatazama kile kioo. "Hawa watu wametengeneza vizuri, ila kuna kitu kimoja si kweli. Huyu ana wakati. Anaangalia kulia, anaangalia kushoto, anapaka rangi. Mimi sikupata wakati. Nilisikia ubao umelia kaa, halafu nikasikia udongo. Katikati hakuna kitu. Hata mwiko wangu sikuuachilia. Nilipoamka hospitalini kitu cha kwanza niliuliza, mwiko wangu uko wapi?"

Dada yangu, ambaye haogopi kuuliza, akasema, "Kwa hivyo Baba, huu mchezo ni mbaya?"

"Mchezo ni mchezo, mama. Ubaya wake nini? Mbaya ni yule aliyeniambia ule ubao ni imara na yeye mwenyewe hajaupanda."

Hayo ndiyo yalikuwa maoni ya mchezaji wa tano. Tulikunywa chai, na kesho yake asubuhi tukaondoka.

Shule zilipofunguliwa tulikuwa tukisoma mwendo wa vitu vinavyoanguka katika somo la Fizikia. Mwalimu alituachia hesabu za mawe na mipira. Mimi nikajipa hesabu yangu ya pembeni, mita 6. Jibu ni sekunde 1.1, na mwendo wa kugonga ardhi unakaribia kilomita 39 kwa saa. Nilitazama ile sekunde moja na nukta yake nikaelewa kwa nini Baba alisema katikati hakuna kitu. Katika kompyuta ya binamu, muda huo haukutosha hata kulichagua jengo la kwanza la kubusu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimejiuliza mara nyingi kama maoni yangu ya kwanza yalikuwa ya uongo. Sidhani. Mchezo ule ni mtamu na ningali naupenda. Utamu wake ni ule wa kuipita hatari kwa unywele, kisha ukikosea unabonyeza kitufe na kupanda tena juu kana kwamba hakuna lililotokea. Watunzi wake waliliita kwa ukelele wakalijaza meno na vidole, na nadhani walifanya hivyo ili mtu asije akasahau kwamba ni mzaha. Kosa langu halikuwa kuupenda. Kosa langu lilikuwa kusema kuanguka ni kutamu, na kumbe nilichokuwa nimekionja ni kuanguka kusikokuwa na ardhi.

Binamu bado anadai kwamba usipoisogelea hatari hupati kitu. Dada bado anasema utani umezidi. Kasuku nasikia amefungua viwanja vyote. Kila mmoja na abaki na lake.

Mimi nitamalizia na jambo dogo. Likizo ya Agosti mwaka huo huo, taa ya sebuleni kwetu iliungua. Tangu ile siku, kazi hiyo ilikuwa ya jirani. Jioni hiyo Baba aliitazama taa kwa muda, akavuta meza, akaweka kiti juu yake, akaniambia, "Shika vizuri." Nilikishika kwa mikono yote miwili, na kifua nikakiegemeza hapo. Alipanda. Alichukua muda mrefu kwa kazi ya balbu moja. Mama alisimama mlangoni bila kusema neno.

Aliposhuka alijifuta vumbi mikononi, akaniangalia, akaniuliza, "Sasa hapo ningelipwa meno mangapi?"

Nilishindwa kumjibu kwa kicheko, na machozi pia yalikuwemo.

Wasalaam.