Jangwa, Wangwa na Zamu ya Bibi

Neno jangwa lina ndugu yake ambaye wengi wetu tumemsahau, naye ni wangwa. Watu wa pwani hulitumia neno hili kwa ile ardhi tupu iliyo kando ya bahari, ambayo maji yakijaa huifunika, na yakitoka huiacha wazi, imepauka kwa chumvi, haina jani ila mikoko iliyo pembeni. Kamusi za zamani huyaweka maneno haya mawili karibu karibu na kuyapa maana za ukoo mmoja: mahali patupu, pasipoota kitu. Mimi lakini sikulipata neno hilo katika kamusi. Nilipewa na bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa Unguja akazeekea Bidiya, ukingoni mwa mchanga wa Wahiba, mashariki ya Omani.

"Hii nayo ni wangwa," alikuwa akituambia, akiinyooshea mkono nchi ya mchanga iliyoanza nyuma ya mitende yake. "Ila maji yake yamekawia kurudi."

Sisi wajukuu tulikuwa tukiishi Maskati, na kila shule zilipofungwa tulipelekwa kwake, safari ya zaidi ya kilomita 200. Likizo ndefu ya Omani huwa kiangazi, wakati joto la bara hupita nyuzi 45, na mtu asiyejua angedhani wazazi wetu wanatuadhibu. Kumbe huo ndio msimu wa tende. Watu wa Bidiya waliotawanyika mijini hurudi mashambani mwao, na mabedui waliokuwa ndani ya mchanga na mifugo yao husogea kwenye vivuli vya mitende. Kwa miezi miwili mitatu kijiji huwa kimejaa watoto. Alfajiri tulikuwa juu ya matuta, tukiteremka kwa kukalia magunia matupu, maana jua likishapanda mchanga haukanyagiki. Adhuhuri tulilala ndani. Alasiri tulioga katika mfereji wa falaji, na usiku tulipandishwa darini, tukatandikiwa magodoro chini ya nyota.

Babu alizaliwa hapo hapo Bidiya. Alipokuwa kijana alikwenda Unguja kwa jahazi, akafungua duka, akaoa, akazaa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 waliondoka na watoto wao, wakahangaika miaka kadhaa huku na huku. Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje, wao walikuwamo katika walioitikia. Watu husema familia ile ilirudi kwao. Maneno hayo ni kweli kwa babu. Bibi hakuwa amepata kuiona Omani hata siku moja. Mumewe alirudi kwao. Yeye alikwenda ugenini, akiwa na watoto wanne na lugha moja.

Kitu cha kwanza alichokitambua huko, kwa maelezo yake, kilikuwa upepo. Matuta makubwa ya Wahiba, ambayo mengine hufika kimo cha mita 100, yamejipanga kwa safu ndefu kutoka kusini kwenda kaskazini, nayo yamejengwa na pepo za kusini-magharibi zivumazo kutoka Bahari ya Hindi wakati wa kiangazi. Bibi hakuhitaji kuelezwa na mtaalamu. Alisimama uani jioni moja, akaupokea upepo usoni, akasema: "Hii ni kusi." Ni kusi ile ile iliyokuwa ikiyarudisha majahazi Arabuni kutoka Unguja, baada ya kaskazi kuyaleta. Kwa mabaharia kusi ilikuwa nauli ya kurudi nyumbani. Kwake yeye ilikuwa mgeni kutoka kwao aliyekuja kila mwaka pasipo kukosa, mikono mitupu, na kumwagia mchanga mlangoni.

Kisha kulikuwa na mtende. Babu aliupenda mti huo kiasi cha kuutaja kwa adabu, na kila hatua ya tunda lake alikuwa na jina lake kwa Kiarabu: bichi la kijani, lililogeuka rangi likawa la manjano au jekundu, lililoanza kulainika, na lililokauka kuwa tende ya kuwekwa. Alitupanga mstari chini ya miti na kutuuliza moja moja. Bibi alikuwa akisikiliza huku amekaa kwenye jamvi, na babu alipomaliza alijibu mashambulizi kwa mti wa kwao:

"Kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Haya, nani ananifuata?"

Wengi wetu hatukuwa tumeuona mnazi. Tuliyakariri majina hayo kama watoto wengine wanavyokariri hesabu: kidaka ndicho kitunda kichanga kilichoanza kushika; kitale kimekua lakini hakijawa na nyama; dafu lina maji matamu na nyama laini; koroma limepita udafu wala halijafikia unazi; nazi imekomaa, ni ya kukunwa. Siku moja bibi aliokota tende iliyoiva nusu, ncha moja laini ya hudhurungi na nyingine bado ngumu ya manjano, akaitazama, akasema, "Koroma hili." Babu alicheka hadi kilemba kikalegea. Tangu siku hiyo neno likakaa. Katika nyumba yetu tende ya kijani ni kidaka, na iliyoiva nusu ni koroma, na ile mibichi ya manjano inayochemshwa katika masufuria makubwa ya shaba kisha ikaanikwa juani, biashara ya tangu zamani ya kupeleka India, tuliiita vitale vya moto. Kiswahili kina msemo wa bahati ya mtende. Nilipokua nikaanza kusoma mashairi ya pwani, msemo huo ulinipa mshangao mwingine: mti wa babu ulikuwa umeshafika katika lugha ya bibi zamani sana kabla ya wao wawili kukutana.

Jirani yetu alikuwa bedui mzee, mfugaji wa ngamia. Alfajiri moja ngamia wake jike alipotea, naye akatuchukua watoto watatu kumsaidia kutafuta, kwa ruhusa ya babu. Hatukumsaidia kitu. Alikwenda akiwa ameinamisha kichwa, akisoma chini: huyu ni wa fulani, huyu amepita jana kabla ya upepo, huyu ndiye wetu naye ana haraka. Sisi tuliona vishimo tu. Kila alipoonyesha alama alitaja neno athar. Tulimkuta ngamia kabla ya jua kuwa kali, amesimama kwenye kichaka cha mghafu kana kwamba ametupa miadi.

Niliporudi nilimsimulia bibi, nikasema yule mzee anajua kusoma athari. Bibi akanisahihisha taratibu: katika Kiswahili zile ni nyayo; athari ni kile kinachobaki baada ya mwenye nyayo kwisha kupita. Babu akaongeza la tatu. Katika falaji, alisema, athar ni kipimo cha zamu ya maji, muda wa kama nusu saa. Maji ya falaji hayagawanywi kwa ndoo, hugawanywa kwa wakati: mchana hupimwa kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa, usiku kwa nyota zinazochomoza nyuma ya vilele vinavyojulikana. Mwenye zamu hufungua njia ya maji kuelekea kwenye shamba lake, na zamu ikiisha hufunga. Ni utaratibu wa karne nyingi, na mwaka 2006 falaji tano za Omani ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwetu sisi haikuwa orodha. Ilikuwa babu kuamka usiku wa manane na taa yake kwenda kupokea maji.

Utaratibu huo ndio uliokuja kuokoa Kiswahili katika nyumba ile.

Mjomba wangu, mtoto mkubwa wa bibi, alikuwa amefika Omani akiwa kijana asiyejua Kiarabu sawasawa. Huko shuleni na kazini aliitwa Mzanzibari kwa sauti ambayo mtu huijua hata akiambiwa neno jema. Kiarabu chake kilichekwa, nasaba yake ikatiliwa shaka mbele yake. Akaapa wanawe na watoto wa dada zake hawatayaonja hayo. Kiangazi kimoja, nikiwa na miaka tisa, alitoa amri: tukiwa Bidiya ni Kiarabu tu, mezani, uani, mashambani. Sikumwona kuwa katili wakati ule na simwoni hivyo sasa. Alikuwa akituvisha viatu kabla ya kutupeleka penye miiba.

Mama alinyamaza. Babu alinyamaza. Tulimtazama bibi, tukidhani atalia au atafoka. Yeye aliendelea kumenya vitunguu, kisha akasema kwa Kiswahili:

"Mwanangu, wewe ni mtu wa falaji. Mchana chukua wewe. Mimi nipe zamu ya usiku."

Mjomba alikuwa mkulima na mwana wa mkulima. Hakuweza kumnyima mtu zamu. Kuanzia jioni hiyo, mchana wote tulikuwa Waarabu. Swala ya isha ikishasaliwa, tulipanda darini, bibi akasema "Kitendawili!" nasi kwa sauti moja tukajibu "Tega!"

Kuku wangu katagia mibani. Ungewezaje kulijua nanasi wewe mtoto wa mchanga? Tulikuwa tukishindwa karibu kila usiku, na tukishindwa, kama ada inavyotaka, alisema, "Nipeni mji." Tukampa Maskati. Akaupokea, akatembea humo kwa maneno, akasalimiwa na watu wake, akala, akanywa, akarudi na jibu. Tulimpa Sur, Ibra, Nizwa, Salala. Tulimpa Makka, naye akatwambia tumuombee aione kweli. Kwa ajili ya vitendawili visivyoteguka, bibi yangu alimiliki nusu ya Arabuni.

Usiku mmoja miji ilituishia. Mdogo wangu wa kike, wa miaka sita, akakumbuka jina alilolisikia siku zote bila ya kujua ni wapi.

"Chukua Unguja," akasema.

Bibi hakujibu upesi. Tulisikia mbwa kwa mbali, na maji ya falaji yakipita.

"Huo sipewi, mwanangu," alisema mwishoni. "Mtu hapewi mji wake. Nipe mwingine."

Hakurudi Unguja kamwe. Alizikwa Bidiya, katika makaburi yaliyo upande wa mchanga, ambako kusi hufika mwanzo. Nimekwisha kuishi nchi tatu tangu hapo, na nimewasikia wengi wakijadiliana jinsi lugha inavyohifadhiwa: kwa kamusi, kwa mitaala, kwa makongamano. Hayo yote ni mema. Ila niliyoyaona mimi ni mwanamke asiye na ofisi aliyedai saa zake na kuzipata, akazitumia kila usiku hadi nyota ya zamu ilipopanda. Hakutaka mchana. Alijua mchana una wenyewe.

Mjomba sasa ni mzee. Wajukuu zake wanasema Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili chao ni cha kuokoteza. Hunipigia simu mara moja kwa wiki, naye huzungumza nami Kiswahili kitupu, chenye maneno ya mama yake ambayo sijayasikia kwa mtu mwingine yeyote. Hupiga baada ya isha. Sijapata kumuuliza kwa nini.

Nina ombi moja kwa wapenzi wa lugha. Mnazi tumeupa majina kwa kila hatua ya tunda lake, lakini mtende tumeutendea kama mgeni: mbichi, mbivu, kavu, yote tunaita tende. Huenda Lamu, Pemba au Barawa kuna wazee wenye majina hayo kwa Kiswahili. Aliye nayo atupe. Hadi hapo, kwetu ile iliyoiva nusu ni koroma.