Mgongo wa Binti Yetu

Likizo iliyopita binti yetu anayesomea uuguzi alirudi nyumbani hapa Hanang. Asubuhi ya kwanza tulimpa ndoo ya lita 20 akachote maji. Akasita, akasema kiuno kinamuuma. Tulimjibu kwa ukali: "Msichana wa umri wako ana kiuno?" Akajitwika, akaenda kimya.

Jioni tulimkuta amelala sakafuni, machozi yakimtoka. Ndipo akatueleza. Tangu aanze mafunzo ya wodini, mara nyingi huwageuza wagonjwa peke yake, huinama kutandika vitanda vya chini, kisha hukaa darasani saa nyingi. Hakumwambia mwalimu, akiogopa kuitwa mvivu.

Tuliona aibu. Sisi wenyewe tu wauguzi. Nasi tuliumwa tulipokuwa wanafunzi, tukanyamaza, tukidhani huo ndio wito. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani waliumwa sehemu ya chini ya mgongo, na wauguzi ni miongoni mwa wanaosumbuliwa zaidi. Huku kwetu Mbulu na Hanang, msichana hubeba maji na kuni tangu utoto. Huingia chuoni mgongo wake umekwisha kufanya kazi ya miaka mingi.

Tulimfundisha yale tuliyochelewa kumwambia. Usimnyanyue mgonjwa peke yako. Mwite mwenzio, mmsogeze kwa shuka. Kunja magoti, usiiname kwa kiuno. Mzigo uwe karibu na kifua, wala usijipinde ukiwa umebeba. Kiuno kikiuma, usishinde kitandani. Tembea polepole na ufanye kazi nyepesi, kwani kulala mno huchelewesha kupona. Lakini miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu, mkojo ukiziba au ukitoka wenyewe, au ukipata homa na kukonda, nenda hospitali upesi. Hata kifua kikuu huweza kushika uti wa mgongo.

Nabii Eliya alipochoka nyikani, Mungu hakumkemea. Alimpa kwanza usingizi, mkate na maji, ndipo akamtuma tena. Sisi tulianza na ndoo.

Mama, binti yako akisema anaumwa, usimpe jibu upesi. Keti naye, umwulize ni wapi, na tangu lini.