Nilidhani kumeza dawa ni kukosa imani

Nilipoambiwa nina TB nililia mpaka daktari akaniletea maji. Mimi, mtu wa ofisini, nakula vizuri, TB nimeitoa wapi? Kumbe ugonjwa huu unaenda kwa hewa, hauangalii mshahara. Nilikuwa nimekohoa wiki tano nikijidanganya ni mafua.

Dawa nilipewa bure: dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Mkojo ukawa wa rangi ya chungwa, kichefuchefu kila asubuhi. Mume wangu alikuwa ananisimamia mpaka nimeze, ndipo akimbilie daladala.

Mwezi wa tatu kikohozi kilikuwa kimekwisha na nguo zimeanza kunibana. Nikaenda mkesha, nikaombewa. Mhubiri akasema aliyeponywa haendelei na vidonge. Kumeza ni kumwambia Mungu humwamini. Niliamini kabisa. Tangu siku hiyo nikawa naweka vidonge mdomoni mume wangu akiangalia, akigeuka natema.

Siku ya 11 akavikuta nyuma ya kabati, akitafuta mpira wa mtoto. Hakupiga kelele. Alikaa chini akauliza tu, "Mama Junior, ugonjwa ukirudi ukamwambukiza huyu mtoto, tutasemaje?"

Sikuwa na jibu. Kilichoniuma zaidi ni kumdanganya mtu aliyekuwa anaamka alfajiri kwa ajili yangu.

Kesho yake tukaenda kliniki wote wawili. Nilitegemea kugombezwa. Nesi, naye mlokole, akanieleza taratibu: kikohozi hukata mapema, lakini vijidudu vinakuwa bado vimejificha, ukiacha njiani, vilivyobaki vinaweza kuwa sugu. Makohozi yakapimwa upya, yakawa safi, nikaambiwa nifidie siku nilizoruka. Halafu akasema, "Dada, mimi kila asubuhi naomba kwanza, ndipo nagawa dawa. Sijawahi kuona vikigombana."

Basi ikawa hivyo nyumbani. Tunashikana mikono, mume wangu anaomba, naitikia amina, nameza. Nilimaliza dozi, nikapona.

Mpaka leo naenda mkesha, na nikitoa ushuhuda navitaja na vidonge. Vidonge viliua vijidudu. Maombi yalinivusha zile asubuhi nilizotaka kukata tamaa.

Kama mwenzio anaumwa, ombeni pamoja. Ila kabla hujatoka, hakikisha amemeza.