Kakamega: Utafiti Unapofika Sokoni

Shinyalu hadi Isecheno

Ukitoka Kakamega mjini kwa bodaboda kupitia Shinyalu, mahindi na miwa vinakusindikiza karibu mpaka msituni. Kisha unafika ukanda wa majani chai, uliopandwa makusudi uwe mpaka kati ya mashamba na miti, na nyuma yake, hapa Isecheno, ndio msitu wa Kakamega. Mashamba ni vipandevipande, na kila familia inahesabu mistari yake ya mahindi. Ndiyo maana watu huingia msituni kutafuta kuni, dawa na malisho: shamba peke yake halitoshi.

Katika baadhi ya mashamba hayo pana kichaka cha kijani kilichochujuka. Nilichuma jani nikalifikicha, likatoa harufu kali ya kafuri. Sisi wa pwani kafuri tunaijua kwenye sanda, kwa hiyo nilisita kidogo. Wenyeji wanaihusisha na mafua na kifua kilichobana.

Mmea huu ni wa jamii ya mrihani, na wataalamu huuita Ocimum kilimandscharicum. Mafuta yake yalichunguzwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo jijini Nairobi mwaka 1970, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi na Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS. Zao la kazi hiyo ni Naturub, dawa ya kuchua iliyofika sokoni kwa jina hilo. Wakulima wa kikundi cha Muliru Farmers Conservation Group ndio waliolima mmea, na ukamuaji ukafanyika hukuhuku kwao. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Equator ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Namna ya kukamua haina miujiza. Majani hukaushwa, hupakiwa kwenye pipa la chuma, mvuke hupita katikati yake na kubeba mafuta. Mvuke ukipozwa ndani ya bomba hugeuka maji, na mafuta huelea juu. Mzigo mkubwa wa majani hutoa mafuta kidogo sana. Mtu angeyapeleka majani Nairobi, nauli ingekula faida yote. Chupa ya mafuta hubebeka hata kwenye kikapu. Hesabu hiyo ndogo ndiyo iliyoamua pipa likae kando ya msitu, na pipa likikaa hapo, ujira wa kukausha, kupima na kukamua unabaki hapo pia.

Bogoria

Linganisha na Ziwa Bogoria, huko Bonde la Ufa: maji yake ni ya magadi na chemchemi zake zinatokota. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichukua sampuli za vijidudu katika maziwa ya magadi ya bonde hilo. Vimeng'enya vilivyotokana na utafiti huo viliishia kwa kampuni ya Genencor, vikatumika kufifisha rangi ya jinzi. Mwaka 2004 KWS ilidai mgawo wake, ikisema haikutoa idhini. Upande wa pili ulijibu kwamba vibali vilikuwapo. Mwaka 2007 KWS ilitia saini mkataba na Novozymes ya Denmark unaotambua malipo kwa Kenya.

Kijidudu hakihitaji gunia wala lori. Chupa ndogo ikishafika maabara ya ng'ambo, kinazaliana hukohuko na ziwa halihitajiki tena. Jani la Isecheno lazima lilimwe na kuchumwa, na mkulima hawezi kurukwa. Kwa Bogoria, karatasi ndiyo kinga pekee. Kwa Kakamega, shamba lenyewe ni sehemu ya mkataba.

Morogoro

Tanzania nako, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku hufunzwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Shirika la APOPO lilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1997, likahamishia mafunzo Morogoro mwaka 2000. Panya hawa ni wepesi kiasi cha kutoweza kulipua bomu, na mmoja wao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu na PDSA ya Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Hata hivyo panya hauzwi dukani. Kinachovuka mpaka ni huduma, na wanaoilipia ni wafadhili. Wakichoka, kazi inasimama hata kama panya wanajua kazi yao.

Jinja

Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilikwenda njia nyingine. Wahadhiri na wanafunzi wake walionyesha gari la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Serikali ya Uganda ikaunda kampuni ya umma, Kiira Motors, na kujenga kiwanda Jinja. Huko mlezi na mlipaji mkuu ni hazina ya nchi: nguvu kubwa, lakini ratiba inafuata bajeti.

Kakamega mjini

Nimerudi mjini, ambako Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha Sayansi na Teknolojia kimekuwa chuo kikuu kamili tangu 2007. Kwa wahadhiri wa Kenya sheria ipo. Ile ya Mali ya Viwanda ya 2001 humpa mwajiri uvumbuzi wa mfanyakazi aliyeajiriwa kuvumbua, na ile ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda wakala wa taifa wa ubunifu. Hataza ikipatikana, hulinda kwa miaka 20 tangu siku ya ombi.

Lakini hataza haimtafuti mnunuzi. Haikaushi majani wala haihakikishi kwamba chupa ya leo inafanana na ya mwezi uliopita. Naturub ilivuka kwa sababu kati ya maabara na duka palikuwa na kikundi chenye mizani, daftari na wakulima wanaoaminiana. Vyuo vingi vinaanza na ofisi ya hataza kisha vinasubiri mnunuzi abishe hodi. Ningekuwa mimi mwenye fedha za kugawa, ningemwajiri mtu wa mizani kabla ya wakili.