Kufuata Kichapo Luanda Kotieno

Kijana aliyenichapa alikuwa akitafuna njugu. Kila raundi ikiisha alitia mkono mfukoni, akazitupia mdomoni mbili tatu, akashika padi na kuniangusha tena. Tulikuwa Kondele, hapa Kisumu, kwenye chumba cha gemu chenye runinga tatu na benchi moja, na mchezo ulikuwa Tekken 5, ule wa kupigana wa PlayStation 2. Nilishindwa mara kumi na moja mfululizo. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimeshika padi tangu enzi za Tekken 3, na siku zote nilijihesabu miongoni mwa wanaojua. Nilimuuliza alijifunzia wapi. “Nyumbani,” akasema. “Luanda Kotieno.” Akaondoka mbio, matatu yake ilikuwa inajaa.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, nikamfuata.

Sikuwahi kufika huko, na stendi ilinijua mara moja. Makanga aliita “Luanda! Luanda!” nami nikapanda. Gari likiwa limebakisha viti viwili, mama mmoja aliyekuwa na kuku kwenye kapu akaniuliza naenda Luanda gani. Nikamwambia ya feri. “Shuka, mwanangu,” akasema, “hii ni ya Vihiga. Utalala Maseno bure.” Nilishuka abiria wakinicheka. Katika matatu ya pili jirani yangu alinieleza kwamba lwanda kwa Kijaluo ni mwamba, ndiyo maana jina linajirudia kila penye mawe, na Kotieno ni kwa akina Otieno. Naye Otieno ni mtoto aliyezaliwa usiku.

Kisian tuliiacha barabara ya Busia, tukapita Kombewa, na Ndori gari likakunja kushoto. Baada ya Madiany nilianza kunusa omena kabla sijaliona ziwa. Kisha barabara ikaisha, kihalisi, ndani ya maji: mbele ni gati, na ng’ambo ni Mbita na vilima vyake. Kushoto kwangu wanawake walikuwa wametandaza omena juu ya nyavu kuukuu. Kulia kulikuwa na foleni ya pikipiki, pikapu na lori moja la soda, zote zikingoja feri.

Kibanda cha gemu hakikuhitaji kuulizwa. Kilikuwa cha mabati, hatua chache kutoka kwa wauza chai, na makelele yake yalifika gatini. Mwenyewe ni mzee wa makamo, aliyewahi kuvua. Nilimwamkia, nikamweleza nimemfuata nani. Akatazama maji.

“Huyo amevuka asubuhi. Kuna mtu wa Mbita alimpiga wiki iliyopita, hapahapa. Amemfuata.”

Nilicheka mpaka nikaketi. Nimepanda magari mawili kumtafuta aliyenichapa, kumbe naye amepanda feri kwa shida ileile.

Lakini nilipotulia niliona kwamba mchezo huu umeishi hivyo kila mahali. Kwa miaka mingi Wakorea ndio walioogopwa katika Tekken. Februari 2019 akatokea Fukuoka, Japani, kijana wa Lahore aitwaye Arslan Ash, ambaye wengi ukumbini hawakumjua, akatwaa ubingwa wa mashindano ya Evo Japan. Agosti mwaka huohuo akatwaa na ule wa Evo wa Las Vegas, fainali akimshinda Knee, gwiji wa Korea. Arslan alisema wazi kwamba kwao Pakistan wako wengine wanaomsumbua. Knee angeweza kununa akabaki na sifa zake za zamani. Badala yake alifunga safari hadi Pakistan, akaketi nao, akachapwa na watu ambao dunia haikuwa na habari nao.

Watengenezaji wangependa tuamini kwamba gemu huishi kwa toleo jipya. Tekken 8 ilitoka Januari 2024, na katika kibanda hiki hakuna mashine inayoweza kuiendesha wala aliyeililia. Sisemi toleo jipya halina kazi. Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya Marekani, XiT Gaming, mwaka 2018 kwa uchezaji wake wa Tekken 7. Hakuna timu ambayo ingemsajili kwa diski ya zamani ya PlayStation 2. Mlango wa pesa hufunguliwa na kitu kipya. Ila mchezo wenyewe unaweza kuendelea bila mlango huo. Super Smash Bros. Melee ni ya mwaka 2001, na hadi leo wapo wanaobeba runinga za kisogo kirefu kwenda nazo mashindanoni, kwa sababu runinga hizo haziichelewi padi.

Hapa kibandani runinga zilikuwa za kisogo pia, kwa umaskini tu, lakini faida ni ileile. Katika Tekken sekunde moja ni fremu 60, na kwa wapiganaji wengi ngumi ya haraka kabisa inafika kwenye fremu ya 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Runinga bapa ya bei rahisi inaweza kula fremu kadhaa kabla hujaona kitu. Nikakumbuka kwamba kule Kondele tulichezea runinga bapa, na kwa dakika chache nikajiliwaza kuwa ndiyo iliyoniponza. Halafu nikakumbuka kwamba mwenzangu alikuwa akitazama runinga hiyohiyo.

Kilichonishangaza ni umati. Saa nane mchana, wanaume wazima wamejaa hadi mlangoni. Mzee akaninyooshea kidole juu, penye mabati, akimaanisha mbingu: “Mwezi mpevu.” Omena huvuliwa usiku, kwa taa zinazowaita samaki; mwezi ukiwaka, taa hazina maana, na mashua nyingi hulala. Kwa hiyo kibanda hujaa na kupwa kwa kalenda ya mwezi, na kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena unapofungwa, hujaa kutwa. Nilikuwa nimekuja siku ya watu wengi bila kujua, kama mgeni anayetokea arusini akidhani ni nyumba tu.

Sheria ya kwanza ilikuwa ile ninayoijua: mshindi anabaki, aliyepigwa analipa shilingi kumi na kurudi mwisho wa foleni. Ya pili sijaiona kwingine. Ukishinda mara tano unaachia padi hata kama hujapigwa, na mtu akikuuliza umemshindaje, lazima umwonyeshe. Kondele bingwa huficha mbinu zake kama mganga. Nilimuuliza mzee kwa nini hapa ni tofauti.

“Nani analipa?” akanijibu. “Si anayeshinda. Anayepigwa. Akipigwa leo haelewi, kesho haelewi, keshokutwa anabaki kwake. Nitabaki na bingwa mmoja na runinga tatu.”

Huko Marekani walilifikia jambo hilohilo kwa njia nyingine. Mashindano yaliyokuja kuitwa Evo yalianzia California mwaka 1996 kwa jina la Battle by the Bay, na utaratibu wake ni kwamba ukishindwa mara moja hufukuzwi. Unashushwa upande wa walioshindwa na kuendelea, na wapo waliopanda kutoka huko chini hadi ubingwa. Wengi hulipa kiingilio wakijua hawafiki popote. Bila hao ukumbi usingejaa.

Zamu yangu ilipofika nilimchagua King, mwenye kinyago cha jagwa, niliyemzoea. Mpinzani wangu alikuwa mvuvi wa miaka kama hamsini. Alicheza na Eddy Gordo, mpiganaji tunayemdharau kwa kuwa hata asiyejua kitu akibonyezabonyeza hupata mateke. Huyu hakubonyezabonyeza. Alingoja nikamate, akaponyoka kila mara. Nilipouliza, akasita kidogo, kisha akanionyesha: nikitaka kukamata huwa natanguliza hatua moja mbele, kila mara. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniambia. Yeye aliambiwa na mla njugu, baada ya kupigwa naye misimu miwili.

Nilicheza mara tisa, nikashinda moja, nayo nikaulizwa nimeshindaje, nikashindwa kueleza. Walinipigia makofi hata hivyo.

Jioni feri ilirudi. Pikipiki zilitoka kwanza, kisha watu, na kijana wangu miongoni mwao, mfuko wa suruali umetuna. Kibanda kizima kilimgeukia. Mtu akauliza kwa Kijaluo, naye akainua vidole: saba kwa mbili. Saba ni za mtu wa Mbita. Aliniona, akanitambua, akanimegea njugu, akatoa shilingi kumi, akaenda kuketi mwisho wa foleni, nyuma yangu.